Ukipanga upya folda, rsync haijui kwamba umehamisha tu

Umeuliza kama rsync imeharibika, maana diski ya bakapu (nakala ya akiba) imejaa ghafla baada ya kupanga upya folda. Hapana, haijaharibika. rsync, programu ya kunakili faili kwenda diski nyingine, hulinganisha faili kwa njia zake, yaani jina pamoja na folda lilimo. Ukihamisha "Picha/harusi" kwenda "Familia/2019/harusi", yenyewe inaona faili mpya kabisa, inazinakili zote tena, na zile za zamani zinabaki palepale kwenye diski ya bakapu. Ndiyo maana diski yako imejaa ghafla ilhali hujaongeza kitu.

Mimi hufanya hivi: nikishahamisha folda kubwa kwenye kompyuta, nahamisha vilevile kwa mkono kwenye diski ya bakapu, kisha ndipo naendesha rsync -a --delete (-a inanakili folda nzima na vilivyomo, --delete inafuta kwenye bakapu kile ambacho hakipo tena kwenye chanzo). Kuhamisha ndani ya diski moja ni sekunde tu, kwa sababu data yenyewe haisogei, inabadilika anwani tu. Ila tangulia kwa kuongeza -nv, yaani jaribio tu, ikuonyeshe itakachofuta kabla haijafuta. Ukikosea folda ya chanzo, ikawa tupu kwa mfano, --delete itafagia bakapu nzima bila huruma (usiniulize nimejuaje).

Kama hupendi kazi ya mikono, programu ya FreeFileSync inatambua faili zilizohamishwa, lakini kuanzia mara ya pili ya kusawazisha, maana lazima kwanza iandike kumbukumbu yake. Na kwenye diski za FAT (mfumo wa zamani wa kupanga faili kwenye diski) baadhi ya faili zilizohamishwa hazitambuliki, kwa hiyo angalia kwanza diski yako imefomatiwa vipi.