Kisu cha kukunja na sarafu ya kumbukumbu: tembea navyo, ila usivifunge pamoja

Mkuu uliyeuliza kutoka Kigoma, nimekusoma. Babu yako wa Ujiji amekupa kisu cha kukunja na sarafu ya zamani yenye tundu, akakwambia utembee navyo. Wenzako wanasema hiyo ni hirizi, wengine wanasema unaiga wazungu, na wewe hujui uvibebe au uvifungie sandukuni. Mimi nakwambia vibebe. Niko Tabora, nafuga nyuki upande wa Sikonge, na mfukoni nina kisu na sarafu tangu mjomba aliponikabidhi.

Kuhusu wazungu, ni kweli mila hiyo wanayo. Sehemu nyingi za Ulaya na Marekani mtu akikuzawadia kisu anakuwekea na senti, nawe unamrudishia senti ile ile ihesabike umekinunua, kisije kikakata urafiki. Wapo pia wanaotembea na sarafu moja maisha yao yote, dola ya fedha kwa mfano, mpaka sura iliyochorwa inafutika kwa kupapaswa. Lakini babu yako hakuhitaji kufundishwa na mtu kufunga sarafu kibindoni. Bibi zetu wamefunga hela kwenye pindo la kanga miaka yote. Na mjomba wangu hakunipa kisu mkononi. Alikilaza juu ya mkeka, nikakiokota mwenyewe, ndipo akaweka sarafu kiganjani mwangu. Alisema chuma chenye makali hakipokelewi mkono kwa mkono na mtu unayempenda.

Na hirizi ni kitu kingine kabisa. Hirizi ina aliyeiandika, imeshonewa ngozi, ina masharti yake. Sarafu ya babu haina sharti lolote zaidi ya kutopotea. Anayekusumbua mwonyeshe, mpe aishike, aisome. Mara nyingi anabaki anakusimulia ya kwao.

Tuje kwenye sarafu yenyewe. Ulivyoieleza, tundu katikati na pembe za ndovu pembeni mwake, hiyo ni ya East Africa ya enzi za Mwingereza. Kama upana wake unazidi kidogo sentimita 3 ni senti kumi, ikiwa ndogo zaidi huenda ni ndururu, yaani senti tano. Angalia jina la mfalme. GEORGIVS V ni ya kabla ya 1937. Ukikuta EDWARDVS VIII wa 1936, yule aliyeacha kiti kabla hajavishwa taji, usikimbilie kuuza ukidhani umepata hazina, maana zilitolewa nyingi. Za mwaka 1964 hazina jina la mfalme wala malkia, kwa sababu tulikuwa tumeshajitawala. Sarafu zetu wenyewe, zenye sura ya Mwalimu, zilianza 1966. Kwa hiyo ukilinganisha mwaka ulioandikwa na umri wa babu, unaweza kujua kama aliipata akiwa mtoto au yeye mwenyewe aliachiwa na mkubwa wake. Muulize. Hilo ndilo linaloifanya iwe ya kumbukumbu, maana za namna hiyo kwa wauza vitu vya kale zimejaa.

Yangu ni heller 20 (heller ilikuwa kama senti ya enzi za Mjerumani) ya mwaka 1916, na hapa naomba mnivumilie, maana ni sarafu ya mji wangu. Ilitengenezwa hapa hapa. Wakati wa Vita ya Kwanza manowari za Waingereza zilifunga pwani, fedha kutoka Ujerumani hazifiki, na serikali ya kikoloni ilikuwa imehamia Tabora. Askari na vibarua wanataka malipo, sarafu hakuna. Wakazitengeneza kwenye karakana ya reli, kwa shaba iliyopatikana, yakiwemo maganda ya makombora. Zikatoka heller 5 na heller 20, na ile maarufu ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo, dhahabu yake ikitoka mgodi wa Sekenke. Septemba 19, 1916 Wabelgiji wakaingia Tabora na kazi ikaishia hapo.

Ukiishika unaona kabisa ni kazi ya watu wenye haraka. Upande mmoja ni mnene kuliko mwingine. Taji limegongwa likaenda pembeni, herufi D.O.A., yaani Deutsch-Ostafrika, jina la koloni la Wajerumani, zimekolea huku na kufifia kule. Nyuma, chini ya neno HELLER, kuna T ndogo, na T hiyo ni Tabora. Kidole gumba changu kinaifuata T hiyo hata gizani. Baba yake mjomba alifanya kazi kwenye reli hii, iliyofika Tabora 1912 na huko kwenu Kigoma 1914, naye ndiye aliyeiacha nyumbani. Nimeshawekewa hela mezani niiuze. Siiuzi, na siifungii kabatini pia. Kitu kilichotoka kwenye nyundo za karakana hakiharibiki kwa kukaa mfukoni.

Sasa kwa nini nasema usivifunge pamoja. Tundu linatamanisha upitishe kamba uninginize kwenye kisu. Usifanye hivyo. Kwanza, kisu ni cha kazi, na cha kazi huazimwa, huangushwa, husahaulika juu ya mti. Kikipotea kinaondoka na sarafu. Pili, shaba ikigusana na chuma palipo na jasho, chuma kinaliwa na kutu haraka. Kisu changu ni Okapi, aina iliyoanza kutengenezwa Ujerumani 1902 kwa ajili ya makoloni yao ya Afrika na siku hizi hutoka Afrika Kusini. Ni chuma cha kawaida kinachoshika kutu, si stenlesi. Mimi napaka nta ya nyuki kwenye bapa, nyembamba, nafuta kwa kitambaa. Kama nta huna, mafuta ya cherehani yanatosha. Mawese hapana, yataganda kwenye bawaba na kuanza kunuka.

Sarafu iweke kwenye kifuko chake cha ngozi, mfuko wa pili. Usiisugue kwa majivu, limao wala dawa ya meno. Ule weusi ndio umri wake, na ukiuondoa haurudi. Isiyo na tundu usiitoboe kamwe. Na ukienda kupanda ndege, kisu kitangulie kwenye begi la mizigo tangu nyumbani, la sivyo utakiacha kwa wakaguzi. Sarafu pita nayo mwenyewe.

Kama unaogopa unaweza kuwa umepewa ya bandia, ijaribu kwa sumaku. Shaba hainasi. Ikinasa, kaa na babu umuulize ilikotoka, kwa adabu.

Weka picha za pande zote mbili hapa, mwanga utokee ubavuni ili maandishi yaliyolika yasomeke, na upime upana wake kwa rula. Jina la mfalme na mwaka vikionekana tutakwambia ni ipi.