Anayekudai hawezi kukufunga kwa mdomo

*Nilichukua kausha damu, mkopo wa riba kubwa, hapa Lindi mjini, marejesho yamenishinda. Mkopeshaji anasema Jumatatu nalala mahabusu. Ni kweli?*

Si kweli, mama. Kushindwa kulipa deni si jinai, ni madai, na polisi hawapo kumkusanyia mtu marejesho. Akitaka, afungue kesi. Na hata akishinda, Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 33, inakataza mahakama kumfunga mwanamke kwa sababu ya tuzo ya fedha, yaani amri ya mahakama ya kulipa pesa. Natamani kila kikoba cha Kusini kiisome sehemu hiyo kwa sauti kabla ya kuhesabu hisa, maana kina mama wanakimbia miji yao kwa hofu ya jela isiyokuwepo. Muulize pia leseni: Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inamtaka awe nayo. Akileta vijana kubeba friji na magodoro ambayo hukuyaweka dhamana, bila dalali wa mahakama mwenye amri mkononi, wewe ndiye wa kwenda polisi.

*Mimi fundi seremala, Masasi. Mahakama imeshaamua nilipe, sina. Nitafungwa?*

Inawezekana, fundi, ila si papo hapo. Mdai akiomba ufungwe, mahakama hukuita ueleze kwa nini usifungwe. Usikwepe wito huo. Nenda na daftari lako la kazi, onyesha kinachoingia, taja kiasi unachoweza kwa mwezi. Ufukara wa kweli unasikilizwa. Anayeficha mali ndiye anayebanwa. Kifungo cha madai hakizidi miezi 6, na posho ya chakula chako huko ndani hulipwa na anayekudai. Ukitoka deni bado lipo, lakini hufungwi tena kwa tuzo ileile. Randa na misumeno yako, vitanda, sufuria, na nyumba unayoishi na familia havikamatwi, isipokuwa nyumba uliyoiweka rehani.

*Masika nilichukua pesa ya kangomba, yaani kuuza korosho kienyeji kabla ya mavuno, hapa Tandahimba, nilipe magunia mawili. Mikorosho haikuzaa. Jamaa anasema mimi mwizi.*

Wewe si mwizi, mzee wangu. Kangomba yenyewe ndiyo iliyopigwa marufuku. Korosho hupita AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, na stakabadhi ghalani, yaani hupokelewa ghala rasmi kwa risiti kabla ya kuuzwa. Mahakama haitekelezi makubaliano haramu, naye analijua hilo, ndiyo maana anatisha badala ya kushtaki. Anakuja ghala la nyumbani likiwa tupu, anaondoka na mavuno ya Oktoba kwa bei ya njaa. Inaniuma kila msimu. Lakini kama ulimwonyesha mikorosho ya jirani ukasema yako, hapo umeingia kwenye kujipatia fedha kwa udanganyifu, na hiyo ni jinai: hadi miaka 7 jela.

*Deni la mkataba wa biashara, Kilwa Masoko, tangu 2015. Bado naweza kushtakiwa?*

Madai ya mkataba hufunguliwa ndani ya miaka 6. Ila kama ulilipa sehemu au ulikiri deni kwa maandishi uliyosaini kabla muda huo haujaisha, hesabu ilianza upya siku hiyo.