Usiiache mpaka ikauke: ninachokijua kuhusu krimu ya kunyolea

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Morogoro alinitumia ujumbe usiku, na picha ya kwapa lake. Ngozi imebabuka, katikati pekundu panatoa maji, pembeni pameshaanza kushika ganda. Aliandika: "Dada, muuzaji kaniambia niipake niiache mpaka ikauke, ndiyo nywele zitoke na mizizi. Mbona imeniunguza hivi?"

Nilimjibu lile la haraka: mdogo wangu, asubuhi nenda hospitali, na usipake kitu kingine chochote juu yake. Kisha nikabaki na hasira mpaka usingizi ukanipaa. Huyo binti hana kosa. Aliuliza dukani, akajibiwa na mtu anayeuza dawa asiyoijua. Krimu ya kunyolea haing'oi mizizi hata uipake kutwa nzima. Inayeyusha unywele ulio juu ya ngozi na chini yake kidogo tu, basi. Ukiisubiri ikauke, inayeyusha na ngozi.

Naandika kwa sababu jambo hili nalijua. Nimetumia krimu kwa miaka mingi sasa, na sioni haya kusema kwamba kwapa langu leo ni laini, halina kipele, na navaa gauni lisilo na mikono popote ninapotaka. Halikuwa hivyo zamani.

Nilianza kunyoa shule ya bweni, kwa wembe, kama wengi wetu. Wembe mmoja mlikuwa mnauvunja katikati ukiwa bado ndani ya karatasi yake, nusu yako, nusu ya mwenzio, na povu la sabuni ya mche. Nywele zetu sisi zinajisokota tangu kwenye shina. Wembe unaukata unywele kwa mshazari na kuuachia ncha kali. Ukianza kuota unajipinda, unaichoma ngozi na kurudi ndani. Hapo ndipo vinapoanza vipele. Vinavimba, vinatunga usaha, vikipona vinaacha weusi, na kabla weusi haujaondoka unanyoa tena na kuvikata upya. Mpaka namaliza kidato cha nne, makwapa yangu yalikuwa meusi na yenye mabonde. Nikajifunza kutoinua mkono mbele za watu, hata kwenye daladala.

Siku ya singo yangu, nyumbani Tanga, sikuweza kuficha. Chumba kimejaa wanawake, harufu ya liwa na mawaridi, mimi nimekaa mkekani na kanga moja. Somo akaninyanyua mkono anisugue. Wifi yangu mmoja akasema kwa sauti ya kusikika na wote: "Kumbe bibi harusi wetu haogi?" Watu wakacheka. Mama yangu alikuwa mlangoni na sinia mkononi. Hakucheka, na hakusema neno. Somo naye akaendelea kusugua pale pale kwenye weusi, kwa nguvu zaidi, kana kwamba kweli ni uchafu utakaotoka. Wifi yule leo tunasalimiana vizuri na tunapelekeana futari. Lakini maneno yale bado ninayo.

Aliyenitoa huko ni rafiki yangu mfamasia. Nilikwenda dukani kwake kuulizia dawa ya weusi, na ninashukuru hakunipa. Aliniambia weusi hautaondoka wakati kila wiki nauchokonoa kwa wembe. Tuondoe wembe kwanza. Akatoa krimu, na kabla hajanipa akanisomea boksi lote, mstari kwa mstari, huku wateja wengine wanasubiri. Akaniambia nipake kidogo, kiasi cha kucha ya kidole, upande wa ndani wa mkono, nisubiri saa 24. Siku ya pili sikuona kitu. Nikaingia bafuni.

Harufu yake wanaoijua wanaijua: manukato juu, yai viza chini. Niliipaka nene bila kusugua, nikasimama mikono juu, macho kwenye saa ya simu. Baada ya dakika kadhaa nywele zikaanza kujikunja zenyewe kama uzi ulioshika moto. Nikajaribu sehemu ndogo kwa kile kipande bapa cha plastiki kinachokuja ndani ya boksi. Zikatoka zote. Pakabaki ngozi tu. Nilisuuza kwa maji ya uvuguvugu bila sabuni, na nikajitazama kwenye kioo kwa muda mrefu.

Weusi haukuondoka siku ile, wala mwezi ule. Ulipungua polepole, kwa kuwa nimeacha kuuchokoza. Nywele zinaporudi zinarudi na ncha laini, hazichomi, kwa hiyo kwangu mimi vipele viliisha. Na juzi juzi, kwenye harusi ya mtoto wa wifi yangu yule yule, alinivuta pembeni jikoni na kuniuliza kwa sauti ya chini natumia nini. Nilimwambia kila kitu, bila kumficha hata kimoja.

Sasa sikilizeni vizuri. Ndani ya krimu nyingi za namna hii kuna thayoglaikoleti ya potasiamu au ya kalisiamu, ndiyo dawa yenyewe inayoyeyusha unywele, na pamoja nayo chokaa, ile ile jamii ya chokaa tunayoipaka kwenye tambuu, au soda kali. Chokaa inaupandisha ukali wa krimu hadi kwenye pH 12 hivi, wakati ngozi ya mtu mzima inakaa karibu na 5. Unywele unavimba, dawa inaingia na kuvunja vifungo vya salfa vinavyoishikilia keratini, ile protini inayoujenga unywele, na unywele unalainika mpaka unafutika. Tatizo ni kwamba ngozi ya juu nayo ni keratini. Unywele una vifungo hivyo kwa wingi zaidi, ndiyo maana unatangulia. Ngozi inafuata nyuma, na kilicho kati yao ni dakika tu.

Wala si dawa ngeni kwetu. Mama na shangazi zetu waliopiga kalikiti miaka ya 80 walipakwa ndugu yake, thayoglaikoleti ya amonia. Dawa za kulainisha nywele nazo zina soda kali au chokaa. Kila mwanamke aliyewahi kukaa saluni kichwa kinawaka, msusi anamwambia "vumilia kidogo dada, ishike", kisha akarudi nyumbani na vidonda nyuma ya masikio, anajua ninachokisema. Tumefundishwa kuvumilia dawa. Krimu ya kunyolea haitaki mvumilivu hata kidogo. Ikianza kuchoma, itoe. Usimalizie dakika zilizobaki.

Kwa hiyo saa kwanza. Boksi likisema dakika 5, jaribu kipande kidogo dakika ya 5; zisipotoka ongeza kidogo, lakini usivuke ule muda wa mwisho ulioandikwa, ambao kwa krimu nyingi ni dakika 10 au chini ya hapo. Nywele zikibaki, ziache. Zitangoja. Kampuni nyingi zinataka upumzishe ngozi saa 72 kabla ya kupaka tena mahali pale pale, na mimi ningesema ngoja zaidi. Naomba nirudie kuhusu saa, maana picha nyingi mnazonitumia ni za watu waliopaka wakaenda kupika, au wakapokea simu.

Na maji. Sisi wa Dar tunajua bomba linavyoweza kukata bila taarifa. Ndoo iliyojaa iwe bafuni kabla hujafungua tyubu, na kata pembeni. Usije ukawa na dawa mwilini huku unahangaika kubisha kwa jirani. Ikikuunguza, mwagia maji mengi, endelea kumwagia, usikimbilie dawa ya meno wala limau wala mafuta ya nazi. Malengelenge yakitoka, au ngozi ikichubuka, nenda hospitali.

Usipake ukitoka kuoga maji ya moto. Usipake juu ya ngozi uliyoinyoa kwa wembe leo, wala penye kidonda, wala penye kipele kilichopasuka. Baada ya kupaka, dawa ya kwapa na manukato ngojea saa 24, na bahari vile vile, maana chumvi na jua juu ya ngozi iliyotoka kupakwa vinawasha vibaya.

Mnaotumia mkorogo, hapa nasema nanyi kwa upendo lakini sitapunguza maneno. Ngozi iliyokwanguliwa kwa haidrokwinoni na steroidi ni nyembamba. Dakika ambazo mwenzio anavumilia, wewe unababuka. Wenye dawa za chunusi za retinoli usoni, msipeleke krimu huko. Mkorogo na krimu ya kunyolea havikai mwili mmoja. Chagua kimoja, na ukiniuliza mimi, uache huo mkorogo.

Sehemu za siri mnaniuliza kila mara, wengi mkiomba nisitaje majina. Juu ya kinena, panapoota nywele kwenye ngozi ya kawaida, inawezekana, kwa krimu iliyoandikwa kwamba ni ya huko na baada ya kujaribu. Ndani, kwenye ngozi laini yenye unyevu, hapana. Nyuma, hapana. Mwanamke mwenye ngozi inayokataa kabisa, apunguze kwa mkasi akae kwa amani. Kwa sisi Waislamu mafundisho yanataka zisipite siku 40 bila kuondolewa. Hayajataka mtu ajiunguze, na wala hayakuilazimisha krimu. Bibi zetu wa pwani walitumia halawa, sukari na limau vilivyopikwa mpaka vikavutika, na wenzetu wa Uarabuni na Uajemi kwenye hamamu walikuwa na nura, chokaa iliyochanganywa na madini yenye aseniki, ambayo iliwaunguza wengi. Kila zama ina lake, na ngozi ni ile ile.

Mume akikwambia hapendi, mwambie upo tayari kujitunza kwa namna ambayo haikuumizi. Akitaka sana laini, naye anyoe. Hii naisema kwa uchungu, kwa sababu ujumbe ninaopata si wa nywele tu. Kuna mabinti wanaoficha vidonda kwa sababu mtu aliyewaumiza kwa maneno bado yuko nyumbani. Na nyie wanawake wenzangu mnaochekana kwenye singo na kwenye vyoo vya ofisini, mcheni Mungu. Kwapa la mwenzio halikuhusu.

Kuhusu kununua: tyubu yenye tarehe ya mwisho inayosomeka, boksi lisilofunguliwa, na maelekezo kwa lugha unayoielewa. Tangu 2019 vipodozi Tanzania vinasimamiwa na TBS, Shirika la Viwango, kwa hiyo bidhaa isiyo na jina la aliyeitengeneza wala aliyeiingiza nchini iache pale pale kwenye meza ya muuzaji, hata iwe bei nusu. Na muuzaji akikwambia "iache mpaka ikauke", ondoka dukani.

Kaka zetu wanaotumia poda ya kunyolea ndevu, hayo ya saa ni yenu pia. Poda nyingi za zamani zina bariamu salfaidi, nayo ikilika ni sumu, hivyo kopo lisikae mahali mtoto anapofika, na kijiko mlichokorogea kisirudi jikoni.

Mabibi harusi, nyie ndio mnaonitia wasiwasi kuliko wote, maana mnajaribu kila kitu wiki ya mwisho. Jaribuni krimu mwezi mmoja kabla, mwili ukiikubali ndiyo muitegemee. Harusi ikiwa Jumamosi, pakeni Jumanne au Jumatano. Nywele za mikono na miguu ziondoke kwanza, ngozi ipumzike, ndipo mchoraji aje na hina yake. Ukigeuza, ukapaka krimu juu ya hina, rangi itapauka siku hiyo hiyo, kwa sababu ile ngozi ya juu iliyoshika rangi ndiyo krimu inayoila.