Jibu: Kwa nini Lüchow-Dannenberg ina watu wachache hivyo?

Ndugu, umeuliza kwa nini wilaya hii ya jimbo la Lower Saxony, Ujerumani, ina wakazi wasiofika 50,000 wakati eneo lake ni takriban kilomita za mraba 1,220. Itazame kwenye ramani ya enzi za Ujerumani mbili: ilikuwa ya Magharibi, lakini imezungukwa na Mashariki pande tatu. Daraja la barabara la Dömitz juu ya mto Elbe lilivunjwa mwaka 1945, na jipya likafunguliwa 1992 tu! Biashara ingepitia wapi? Viwanda vingejengwa kwa ajili ya nani?

Upweke huohuo ndio ulioiletea balaa la Gorleben. Mwaka 1977 serikali ya jimbo ilichagua chumvi iliyo chini ya kijiji hicho iwe kaburi la taka za nyuklia. Wakulima walitoka na matrekta yao, wakapinga miaka mingi, na mwaka 2020 Gorleben ikaondolewa kwenye orodha ya maeneo yanayofikiriwa kwa taka hizo. Mimi nawaheshimu sana watu wale.

Ukipata nafasi, tafuta pia picha za vijiji vyake vya duara, nyumba zikitazama uwanja wa katikati. Waslavi, watu wa jamii moja ya lugha na Wapolandi, waliishi huko, na lugha yao ilidumu hadi karne ya 18.