Kukopa ili ujaze depo soda za Zambia?

Mama wa Katuba, hapa Lubumbashi, umeuliza kama uchukue mkopo ujaze depo yako ya vinywaji soda za Zambia, kwa kuwa bei yake iko chini. Usichukue, Mama.

Kumbuka 2024. Serikali yetu ya Kongo ilizuia bia na soda za Zambia ili kulinda viwanda vya hapa. Mwezi wa nane Zambia ikafunga mipaka ya Kasumbalesa, Mokambo na Sakania. Siku chache tu, lakini malori yalisimama, na marufuku yanaweza kurudi wakati wowote. Deni halingoji mawaziri waelewane.

Kulinda viwanda naunga mkono kabisa. Vijana wetu wanahitaji kazi. Kinachonitia hofu ni unga. Mwaka huohuo ukame uliunguza mahindi ya Zambia, na Lubumbashi inakula bukari (ugali) ya mahindi yao. Unga kutosha, huo ndio usalama wa nchi ninaoujali mimi.

Kwa hiyo anza na pesa yako mwenyewe, nusu uiweke kwenye mahindi ya wakulima wa barabara ya Kasenga. Kabla ya kulipa, ingiza mkono mpaka katikati ya gunia, ng'ata punje: ikilia na kupasuka, imekauka. Ikiwa laini, iache, itaota ukungu. Soda nunua kidogo kidogo, na karatasi za forodha uzitunze.