Ukiona mwiritsa mkubwa, tazama chini yake

Nikizungumza na watu kuhusu miti ya dawa na mabadiliko ya tabianchi, wengi hunionyesha mti mzee. Wananiuliza: mbona huu umesimama tu, si ulikuwepo tangu enzi za babu? Ni kweli umesimama. Mwiritsa, mti wa msituni ambao gome lake ni dawa, ukishakomaa umezamisha mizizi mbali, na kiangazi kikirefuka mwezi mmoja hauyumbi. Lakini ingia msitu wa Kakamega, upande wa Shinyalu, uiname chini ya mti huo. Utakuta majani makavu na kokwa zilizopasuka, na mara nyingi hutaona mche hata mmoja uliofika magotini. Hapo ndipo penye shida, na ndipo ushauri wangu unapoanzia.

Nina kitalu karibu na msitu huo. Naotesha mwiritsa, muthiga (dawa ya jino), shikhuma (dawa ya kifua) na mingine inayoulizwa na watabibu wa miti shamba. Kazi hii imenifundisha kwamba joto na mvua zisizotabirika haziuangushi mti wa dawa; zinamaliza mbegu na miche. Chukua muthiga. Tunda lake likiiva huacha ukijani na kuwa la zambarau, na ndani mna mbegu bapa zenye umbo la moyo. Mahindi utayaweka ghalani hadi msimu ujao, lakini mbegu ya muthiga ikikauka hupoteza uhai upesi. Inataka idondoke, ikute udongo wenye unyevu na kivuli, iote. Sasa matunda yanadondoka, mvua tuliyoitarajia Machi inasogea hadi Aprili, jua linachoma udongo wa juu, na mbegu za mwaka mzima zinapotea. Kokwa ya mwiritsa huvumilia kidogo zaidi, ila nayo haiwezi kusubiri sana. Kisha mvua inapokuja inamwagika yote kwa wakati mmoja na kusomba ile michache iliyobahatika kuota.

Kuna jambo la pili ambalo wengi hawalifikirii, nalo linanikosesha usingizi. Kila ukipanda mlima mita 100, joto hupungua kwa takriban nusu nyuzi au zaidi kidogo. Kwa hiyo dunia ikiongezeka joto kwa nyuzi moja, mti uliozoea ubaridi fulani utaupata tena kama mita 160 juu zaidi. Mlima Elgon una kilele cha mita 4,321. Huko miti ina pa kukimbilia. Msitu wa Kakamega uko kati ya mita 1,500 na 1,700 hivi, na umezungukwa na miwa, mahindi, chai na maboma ya watu. Zamani uliungana na misitu ya Nandi iliyo juu zaidi upande wa mashariki. Hondohondo na nyani walikula matunda huku, wakaangusha mbegu kule. Leo ndege anaweza kuruka, ila mbegu akiiangusha kwenye shamba la mahindi, jembe linaimaliza wiki ya palizi ya kwanza. Msitu umekuwa kisiwa, na miti yake haina njia ya kupanda juu.

Njia hiyo tunaweza kuwa sisi. Kama unaishi Kapsabet, Nandi Hills, Londiani, Molo au Elburgon, shamba lako ndilo mahali ambapo mwiritsa na muthiga za kesho zitapata ubaridi wao. Nakusihi utenge ukingo wa shamba, hasa ule wa karibu na mto au kisima, uipande hapo. Changanya mbegu: nyingine za miti ya huko kwenu, nyingine kutoka sehemu zilizo chini kidogo ambako miti imeshazoea joto. Usichukue zote kwenye mti mmoja, hata kama umezaa sana. Miche ya mama mmoja ikipatwa na ugonjwa mmoja, huisha yote.

Walio Kisumu, Ahero au Kendu Bay nawaambia bila kuficha: msihangaike na mwiritsa. Kisumu iko mita 1,130 hivi, joto limeshazidi, na utapoteza maji na nguvu zako bure. Pandeni mwarobaini, mkwaju, na yago, yaani mwegea. Ni miti ya dawa inayolipenda jua. Ninachokataa ni yule anayesema kwa kuwa mwarobaini unastawi kila mahali, basi hiyo mingine tuiache ife. Mwarobaini ni mgeni mzuri, lakini haufanyi kazi ya shikhuma kifuani wala ya muthiga kwenye jino linalouma. (Na homa ikipanda, nenda ukapimwe malaria hospitalini kwanza. Nawaambia hivyo hata wanaokuja kununua miche.)

Sasa kuhusu kuotesha, maana hapa ndipo watu wanapokata tamaa. Mwiritsa okota matunda yaliyoiva, yale mekundu yanayoelekea weusi, uyapondeponde kwa maji mpaka nyama yote itoke. Nyama ikibaki inaoza na kuualika ukungu. Kokwa zianike kivulini, kamwe zisipigwe jua, na uzipande mapema. Zitakaa mwezi, hata mwezi na nusu, bila kuonyesha dalili, usifukue kuchungulia. Muthiga usianike kabisa: toa mbegu, osha, panda siku hiyo hiyo au kesho yake. Weka kivuli cha nyasi juu ya kitalu, kisha kipunguze kidogo kidogo miezi ya mwisho ili mche uzoee jua kabla haujatoka.

Kuhamishia shambani ndiko kunakobadilika zaidi siku hizi. Wazee walifuata tarehe. Mimi nafuata udongo. Nachimba kwa jembe hadi kina cha kiganja na kidole; kama chini pameloa vizuri, na mvua imerudi baada ya ile ya kwanza, ndipo napanda. Mvua ya kwanza peke yake imewadanganya wengi, maana baada yake huja majuma mawili matatu ya jua kali. Panda mche chini ya kivuli chepesi cha mti mwingine kama lusiola au musine, si uwanja mtupu. Mche mchanga wa mwiritsa ukiuweka peke yake juani unautesa. Weka matandazo, lakini yasiguse shina; yakigusa, mchwa watakushukuru.

Upande wa Nakuru wana somo lao pia, kwamba ukame si adui pekee. Tangu mwaka 2010 hivi ziwa limepanda na kuizamisha migunga ya magome ya manjano iliyokuwa ukingoni, na mizizi iliyokosa hewa imeacha vigogo vya kijivu vimesimama majini. Ukichagua mahali pa kupanda karibu na maji, angalia alama za mafuriko ya miaka ya karibuni, si ya zamani.

Kuvuna nako kumebadilika. Gome la mwiritsa husafirishwa hadi Ulaya kwa dawa za tezi dume, na tangu 1995 biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Bado hapa kwetu utakuta mti umebanduliwa gome kuuzunguka wote. Mti kama huo mara nyingi hufa, ni suala la muda. Kama ni lazima gome, bandua kipande upande mmoja na kingine upande wa pili, uache sehemu kubwa ya shina imefunikwa, na usiuguse mti mwembamba. Kukhu (bibi) mmoja wa kijijini kwetu, mtabibu wa miaka mingi, hachukui gome kiangazi kabisa, kwa sababu kidonda hukauka kabla ya kupata ngozi mpya. Kiangazi kikirefuka, yeye anatumia majani. Ya muthiga ni makali kama pilipili. Ukitafuna moja utaamini. Ndani ya msitu wa serikali usivune chochote bila kibali cha KFS, shirika la serikali linalosimamia misitu. Ongea na chama cha jamii cha misitu cha eneo lako.

Kwa anayedhani hili haliwezi kulipa, aangalie kikundi cha wakulima cha Muliru, hapo hapo ukingoni mwa msitu wa Kakamega. Walianza kulima kichaka cha dawa mashambani mwao badala ya kukitoa msituni, wakatengeneza dawa ya kuchua, na mwaka 2010 wakapata Tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa.

Mbegu na ushauri utapata kwa KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu ya Kenya: wapo Maseno kwa sisi wa magharibi na wapo Londiani kwa walio Bonde la Ufa. Nenda mapema, kabla miti haijazaa, uwaeleze shamba lako liko kimo gani na lina maji kiasi gani, kisha uwe na mifuko iliyojaa udongo tayari. Mbegu ya muthiga ikifika mkononi hakuna muda wa kwenda kutafuta samadi.