Ghost of Tsushima: jambia kwanza, upanga utangoja

Ukikaa kwenye vibanda vya gemu vya Majengo au Kisauni, hapa Mombasa, utasikia ushauri ule ule kila siku: imarisha upanga kwanza, mengine yatajileta. Mimi nasema la. Kama unacheza Ghost of Tsushima kwa kunyemelea, na hasa kama muda wako wa kucheza ni wa kuibia-ibia kama wangu, baada ya Isha, watoto wakishalala na tokeni za stima zikiwa bado zipo, basi upanga ndio wa kungoja.

Gemu yenyewe si mpya. Ilitoka kwa PS4 Julai 2020, toleo la Director's Cut lenye kisiwa cha Iki likafuata Agosti 2021, na watu wa kompyuta wakapata yao Mei 2024. Wenye PS5 washahamia gemu iliyofuata, Ghost of Yōtei ya 2025, waende salama. Sisi tuliobaki na PS4 tunafaidi kwa njia nyingine: diski za mkono wa pili zinazunguka mjini, na mashine ya zamani inaibeba gemu hii vizuri ajabu. Ukifa unarudi uwanjani kabla hujapata muda wa kukasirika.

Kisa kwa ufupi, kwa ambaye hajaigusa. Mwaka 1274 Wamongolia wanatua kisiwa cha Tsushima, Japani, jeshi la samurai linafyekwa ufukweni, na Jin Sakai anabaki hai. Mjomba wake, Bwana Shimura, amemlea kumkabili adui uso kwa uso. Vita vyenyewe vinamfunza kumchoma adui mgongoni gizani. Kwa mtazamaji huo ni mgogoro wa heshima. Kwa mchezaji ni mgogoro wa bajeti, na hapo ndipo watu wanapopotea.

Kila kitu unachotaka kuimarisha kina mali yake maalum. Upanga na jambia kwa mhunzi vinakula chuma na feleji. Pinde zinakula mianzi na mbao. Mavazi na deraya zinakula kitani, ngozi na hariri. Ngozi za wanyama wakali, dubu na nguruwe mwitu, ni za mtega wanyama, anayekupanulia podo na mifuko. Ukiangalia hivyo utadhani hakuna kugombania, kila fundi na chakula chake. Lakini pale juu ya orodha ya kila fundi kuna saplai, mali ya jumla ya gemu. Saplai ni kama unga nyumbani, unaingia kwenye ugali, chapati na mandazi, na ndio unaokwisha wa kwanza. Utafika kwa mhunzi na chuma cha kutosha, feleji ipo, halafu saplai imebaki kidogo kwa sababu jana ulimpa fundi wa deraya akuimarishie vazi ambalo hulivai tena.

Kwa hiyo swali la kujiuliza si kipi kina nguvu zaidi. Jiulize ni kitu gani kinafanya kazi kila saa unayocheza. Mtu wa kunyemelea akilijibu hilo kwa ukweli, upanga hauji wa kwanza.

Jambia ndilo linalokuja. Wengi hawalitazami kwa sababu halionekani; Jin hulitoa tu pale unapomvamia adui asiyejua upo. Lakini likiwa dhaifu, askari wa kawaida atakufa na mkubwa wao atanusurika. Mfano ni huu. Nilikuwa juu ya paa la ghala ndani ya kambi, mvua inanyesha kwenye skrini na mimi huku nje jasho linanitiririka, pangaboi inazungusha joto lile lile. Chini yangu yupo kiongozi wa kambi na walinzi wawili. Mpwa wangu alikuwa ameketi mkekani pembeni, amenikazia macho.

"Mjomba, ruka! Ruka sasa!"

Sikuruka. Kiongozi alikuwa akifanya mazoezi ya upanga peke yake, na ukimtazama kiongozi wa Wamongolia akifanya mazoezi bila yeye kukuona, unapata hatua kuelekea mkao mpya wa kupigana. Ukimuua tu pia unapata, lakini ukimtazama kwanza kisha ukamuua unavuna mara mbili kwa kichwa kimoja. Mikao hiyo ndiyo inayokuokoa siku ukishaonekana: wa jiwe kwa wenye panga, wa maji kwa wenye ngao, wa upepo kwa wenye mikuki, wa mwezi kwa yale mapande ya watu. Haili saplai hata moja. Nikamtazama mpaka mwisho, nikashuka, jambia likafanya kazi yake mara moja akalala, na wale wawili nikawamaliza kwa mfululizo kabla hawajageuka.

"Upanga wako leveli ngapi?" akauliza.

"Ya chini."

Akaguna. Yeye upanga wake ulikuwa umepanda sana, na kila kambi anaingia kwa lango la mbele akipiga kelele. Inafurahisha kutazama, sikatai. Ila kambi zenye mateka zinamshinda, maana ukishaonekana Wamongolia wanaweza kuwageukia mateka na kuwaua. Upanga mkali haumfikii mtu aliye upande wa pili wa ua akiwa tayari ameinua silaha juu ya mkulima.

Anayemfikia ni mshale. Ndiyo maana baada ya jambia mimi huenda kwa fundi wa pinde, na huko naanza na upinde mfupi unaoupata kwenye misheni za Sensei Ishikawa, mwalimu wa upinde. Una kasi, unavutika upesi, na kwa mlinzi wa mnara asiye na kofia ya chuma mshale mmoja wa kichwa unatosha. Upinde mrefu ni mzuri kwa masafa, nao una kisa chake kizuri cha kuutafuta, lakini ni wa mtu mwenye subira na aliye mbali. Ndani ya kambi mambo yako karibu. Usigawe mbao zako nusu kwa nusu kati ya pinde mbili mwanzoni. Chagua mmoja, uufikishe juu, mwingine utakuja.

Sasa mtega wanyama. Huyu ndiye fundi anayesahauliwa kuliko wote, na kwangu mimi anafaa kupitiwa kila unapopata ngozi. Podo kubwa na mfuko mkubwa wa visu vya kurusha maana yake ni kwamba humalizi silaha katikati ya kazi ukalazimika kutoa upanga usiotaka kuutoa. Dubu anatisha mwanzoni, ila ukiwa juu ya kitu, mishale yako inatosha. Wakati mwingine utawakuta Wamongolia wanapambana naye wenyewe. Kaa pembeni, waachie, kisha chukua ngozi.

Visu vya kurusha, bomu la moshi, baruti, kengele za kuvuta masikio ya walinzi, sumu za kupuliza anazokufundisha bibi Yuriko, mlezi wa Jin, hivi havihitaji saplai kuimarishwa. Vinatumia pointi za mbinu, unazozipata kwa kumaliza misheni na kukomboa sehemu. Hapa unaweza kuwa huru zaidi, lakini nami nina utaratibu wangu. Kwanza uwezo wa kuua kwa mfululizo, ule wa mtu mmoja kisha wa pili kisha wa tatu. Pili visu vya kurusha. Tatu bomu la moshi, kwa sababu siku zote ipo siku mambo yataharibika. Sumu inayowachanganya akili wakachinjana wenyewe inachekesha sana, na mpwa wangu angeiweka ya kwanza. Sitabishana naye, ni burudani.

Pia kuna pointi ambazo vijana hawazitaki kabisa kwa sababu haziui mtu: zile za uchunguzi, zinazokuwezesha kuuambia upepo ukupeleke kwenye chemchemi za maji ya moto, kwenye mianzi ya kukata, kwenye mapango ya mbweha. Ukiwa na saa moja tu ya kucheza, hizi zina thamani kubwa. Kisiwa kikuu kina chemchemi 18, na kila moja inakuongezea afya. Vituo vya mianzi ni 16, vinakuongezea uthubutu, ile nguvu ya kujitibu katikati ya vita. Mapango ya mbweha ni 49. Unamfuata mbweha mpaka kwenye kihekalu chake, na kwa kuviheshimu unafunguliwa nafasi za hirizi. Vyote hivi ni kujiimarisha, na hakuna fundi anayekutoza. Mtu analalamika kwamba anakufa upesi, ukimuuliza ameoga chemchemi ngapi anakwambia hakujua zina faida, alidhani ni picha ya Jin akionyesha makalio.

Nikizungumzia hirizi, ile ya Inari ivae mapema ukishaipata na usiivue mpaka umeshiba: inaongeza kiasi cha mali unayookota. Pamoja nayo vaa vazi la msafiri kila unapokuwa njiani. Watu hulidharau kwa sababu halina deraya, lakini linafuta ukungu wa ramani kwa upana zaidi na padi inakutikisikia mkononi ukiwa karibu na vitu vilivyofichwa. Ukikaribia kambi, fungua menyu, vaa lingine, ingia. Kubadilisha ni bure na ni popote. Sijui kwa nini watu hukaa na deraya nzito mwili mzima wakipanda farasi kuokota mianzi. Na kuokota kwenyewe usishuke: bonyeza tu ukiwa juu ya farasi, mkono utafika.

Kuhusu deraya, nitakuwa mfupi. Usiimarishe kila vazi unalopata. Gemu inakupa mavazi mengi kwa makusudi na macho yanatamani. Chagua moja la kunyemelea na moja la kupigana, ndiyo saplai yako iende huko. Vazi la Mzuka (Ghost) linakuja mwishoni mwa sehemu ya pili ya hadithi, nalo linapunguza kasi ya adui kukugundua. Nakushauri uweke akiba ya hariri kidogo likikaribia, badala ya kuimalizia kwenye kitu utakachokivua. Maua ni ya rangi tu. Mpwa wangu anatumia muda kwa muuza rangi kama bibi harusi wa Mji wa Kale, na halimgharimu chochote cha maana, basi mwache.

Sasa saplai zenyewe zinatoka wapi. Ziko kila mahali, kwenye vibanda vilivyoachwa, kando ya njia, ndani ya kambi, na kwenye madhabahu ya zawadi. Hizi madhabahu wengi huzipita. Unapowasaidia watu wa kisiwa, wanakuachia vitu hapo, na vitu hivyo vinajikusanya usipoenda. Mimi hupitia kabla ya kwenda kwa fundi yeyote. Kwa chuma na feleji, kambi na ngome za Wamongolia ndizo zenye mali, na hapo ndipo kunyemelea kunajilipa: ukiingia kimya una nafasi ya kufungua kila kontena kwa raha zako. Anayeingia kwa vurugu naye atapata, ila atakuwa amemaliza dawa na mishale, na nusu ya anachokusanya kinarudi kuziba pengo.

Kuna jambo la mashine pia, na huku pwani halikwepeki. PS4 haipendi joto wala vumbi, na kuanzia Januari mpaka Machi chumba chenyewe ni tanuri. Usiiweke chini sakafuni wala ndani ya kabati la TV lililofungwa. Nyuma yake iachie nafasi, na mpelekee fundi aisafishe feni ikianza kuvuma kupita kiasi. Gemu hii inaseivu yenyewe mara kwa mara, kwa hiyo stima ikipotea hupotezi kikubwa, lakini kabla ya kumrukia kiongozi wa ngome ni heri useivu kwa mkono.

Wenye kuuliza kuhusu Lethal, kiwango kigumu kuliko vyote: huko wewe na adui wote mnakufa upesi, kwa hiyo afya ya deraya haikufai sana. Jambia, mishale na vitu vya kukuficha ndivyo vyenye kazi, na mpango wangu unabaki ule ule, ila bila msamaha. Ukicheza kwa kawaida, upanga unaweza kuanza kuupeleka kwa mhunzi ukishaingia Toyotama, eneo la pili la kisiwa, ambako adui wanakuwa wagumu na utajikuta ukionekana mara nyingi zaidi. Feleji itakuwa imejaa kufikia hapo kwa sababu hukuipoteza mapema.

Dhahabu ni ya leveli za mwisho, na haipatikani ovyo. Mpwa wangu ananiuliza kila akija kama nitaimalizia kwenye upanga. Ndiyo, hapo nitampa upanga haki yake, na nitamwachia padi aingie nao langoni kwa kelele zake.